Makundi Tendaji katika Molekuli za Uhai

Mwanafunzi, mada hii huwaogopesha wengi kwa sababu ya majina yake. Kabla hujakariri hata jina moja, tazama kwanza molekuli tatu zifuatazo. Kila moja ina atomu mbili tu za kaboni zilizoshikana.

Ya kwanza ni ethani, C₂H₆. Ni gesi, huchemka kwenye nyuzi joto 89 chini ya sifuri, haichanganyiki na maji, na kazi yake kubwa ni kuungua. Sasa ondoa atomu moja ya hidrojeni, mahali pake weka oksijeni iliyoshika hidrojeni, yaani –OH. Unapata ethanoli, CH₃CH₂OH. Hii ni kimiminika, huchemka kwenye nyuzi 78, huchanganyika na maji kwa kiasi chochote, na ndiyo inayolewesha katika kila pombe. Endelea: badilisha upande huohuo uwe –COOH. Unapata asidi ya ethanoiki, CH₃COOH, ambayo ndiyo ukali wa siki. Huchemka kwenye nyuzi 118 na hugeuza litmasi ya buluu kuwa nyekundu.

Kaboni ni zilezile mbili. Kilichobadilika ni kipande kidogo kilichoning'inizwa pembeni. Kipande hicho ndicho kinachoitwa kundi tendaji: atomu moja au chache zilizoungana kwa namna maalumu, ambazo ndizo huamua molekuli itafanya nini ikikutana na nyingine.

Kwa msomaji wa Tunduma mfano uko barabarani. Foleni ya malori yanayoelekea Nakonde huwa ndefu, na malori mengi yanafanana: kichwa mbele, tela nyuma. Lakini afisa wa forodha haulizi habari za tela, anauliza habari za shehena. Lori la mafuta linalokwenda Zambia au Kongo hukaguliwa kwa namna moja, na lori linalorudi na shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam kwa namna nyingine. Mnyororo wa kaboni ni tela, na kundi tendaji ni shehena. Mfano huu usiuvute mbali sana, maana utaona baadaye kwamba urefu wa tela nao una neno lake.

Jambo moja la lugha. Karatasi ya mtihani itakuletea majina haya kwa Kiingereza. Hapa yameandikwa kwa Kiswahili ili uelewe kwanza. Ukishaelewa, jina la Kiingereza utalitambua kwa sauti yake, kwa kuwa karibu yote yanafanana.

Mikono ya atomu

Hapa tupite haraka, kwa sababu ulisoma katika Kidato cha Pili na cha Tatu. Kaboni ina mikono minne ya kushikia, naitrojeni mitatu, oksijeni miwili, hidrojeni mmoja. Ukichora molekuli yoyote, hesabu mikono. Kaboni yenye mikono mitano ni kosa, na mtahini ataliona kabla hajasoma maelezo yako. Kaboni ikishika kaboni nyingine kwa mikono miwili, tunasema pana kifungo maradufu. Kwa kuwa kaboni huweza kushikana zenyewe kwa zenyewe bila kikomo, minyororo, matawi na maduara hutokea, na ndiyo maana uhai umejengwa juu yake.

Makundi ya kuyajua

Haidroksili, –OH. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko hidrojeni, hivyo upande wa oksijeni huwa na chaji hasi kidogo na upande wa hidrojeni chaji chanya kidogo. Maji nayo yako hivyo. Kwa hiyo –OH na maji huvutana kwa vifungo vya hidrojeni, na molekuli yenye –OH nyingi huyeyuka katika maji. Dizeli iliyomo ndani ya lori la mafuta ni kaboni na hidrojeni tu, haina –OH hata moja; ikimwagika kwenye dimbwi huelea juu na kung'aa rangi rangi. Sukari ya mezani ina –OH nane katika molekuli moja. Ukiitia kwenye chai hupotea.

Kabonili, C=O. Ni kaboni iliyoshika oksijeni kwa mikono miwili. Ikiwa mwishoni mwa mnyororo, molekuli huitwa aldehaidi; ikiwa katikati, huitwa ketoni. Glukosi ni aldehaidi na fruktosi ni ketoni, ingawa zote mbili ni C₆H₁₂O₆. Kumbuka tofauti hii tutakapofika kwenye majaribio ya chakula.

Kaboksili, –COOH. Ni kabonili na haidroksili juu ya kaboni moja. Zikikaa pamoja hivi, hidrojeni ya –OH hulegea na kuachiliwa kirahisi kama H⁺. Ndiyo maana kundi hili ni asidi. Ukali wa siki, wa limau, wa maziwa mgando na wa togwa iliyokaa, wote unatoka hapa.

Amino, –NH₂. Ni kinyume cha kaboksili: naitrojeni ina jozi ya elektroni isiyotumika, kwa hiyo hupokea H⁺. Hii ni besi. Samaki anapoanza kuharibika, bakteria huvunja protini zake na kutoa amini ndogondogo zinazoruka hewani, na pua yako hukwambia. Mama anayekamulia limau samaki wa Ziwa Rukwa anafanya kemia: asidi ya limau huipa amini H⁺, amini hugeuka kuwa chumvi, na chumvi hairuki hewani. Harufu hupungua. Samaki, hata hivyo, hajawa mzima kwa sababu ya limau.

Fosfeti ni fosforasi iliyozungukwa na oksijeni nne; utaikuta katika ATP, katika DNA na katika utando wa seli. Kundi la salfa, –SH, liko katika baadhi ya asidi amino. Harufu ya nywele zikiungua inatokana kwa sehemu na salfa hiyo.

Tela nalo lina neno lake

Methanoli ni CH₃OH. Ina kundi lilelile la ethanoli, imepungukiwa kaboni moja tu. Kwa macho na kwa harufu huwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Ini hutumia kimeng'enya kilekile kuzishughulikia zote mbili. Ethanoli hugeuzwa kuwa aldehaidi ya kaboni mbili, kisha asidi ya ethanoiki, ambayo mwili huitumia kama chakula. Methanoli hugeuzwa kuwa aldehaidi ya kaboni moja, kisha asidi ya methanoiki, HCOOH, ambayo mwili huiondoa polepole mno. Hujikusanya, huzuia seli kutumia oksijeni, na neva ya jicho huumia mapema. Mtu hupofuka, na akizidi hufa. Mwezi Mei 2014 nchini Kenya makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli.

Hospitalini, mojawapo ya tiba ni kumpa mgonjwa ethanoli kwa kipimo cha daktari. Kimeng'enya huipendelea ethanoli, methanoli hukosa nafasi, na figo hupata muda wa kuitoa ikiwa haijageuzwa. Ukilielewa hili umeelewa makundi tendaji kuliko aliyekariri orodha nzima: kundi huamua aina ya mmenyuko, na mifupa ya kaboni huamua kitakachotokea baada ya mmenyuko huo.

Kabohaidreti: somo lote liko kwenye chungu cha togwa

Chukua uji mzito wa mahindi. Uache upoe mpaka uwe vuguvugu, kisha tia unga wa kimea cha ulezi na ukoroge. Kila aliyekulia Mbozi, Ileje au Momba ameona kinachofuata: baada ya muda mfupi uji uliokuwa mzito unakuwa mwepesi, na ukionja, umekuwa mtamu ingawa hakuna aliyetia sukari. Utamu umetoka wapi?

Wanga ni polima, yaani mnyororo mrefu uliotengenezwa kwa molekuli ndogo zinazofanana. Hapa molekuli ndogo ni glukosi. Glukosi mbili zikiungana, –OH ya moja na –OH ya nyingine hukutana, molekuli moja ya maji hutoka, na oksijeni moja hubaki katikati kama daraja. Daraja hilo ni kifungo cha glaikosidi. Rudia mara mamia au maelfu, unapata wanga. Ukipika unga, minyororo hii hufunguka, hunywa maji na kutanuka; ndiyo maana uji huwa mzito.

Mbegu ya ulezi inapoota hutengeneza vimeng'enya viitwavyo amilesi ili kuvunja wanga wake na kulisha chipukizi. Tukikausha mbegu iliyoota na kuisaga, vimeng'enya hubaki hai ndani ya kimea. Vikiingia katika uji hukata madaraja. Kila daraja linalokatwa hupokea molekuli moja ya maji, –H upande mmoja na –OH upande mwingine. Huu ni mmenyuko wa haidrolisisi, kinyume kamili cha ule wa kuunganisha. Minyororo mirefu huwa vipande vifupi, uji hulegea. Vipande vya glukosi mbilimbili ni maltosi, na maltosi ni tamu.

Swali ambalo watahini hulipenda: kwa nini kimea hakitiwi uji ukiwa unachemka? Vimeng'enya ni protini. Kwenye joto kali protini hupoteza umbo lake, na kimeng'enya kisicho na umbo lake hakifanyi kazi. Uji ungebaki mzito.

Jambo hili lina uzito nje ya darasa. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Mama akitengeneza uji mwepesi ili mtoto aweze kumeza, huwa ametia unga kidogo. Mtoto hushiba maji. Akitia unga mwingi, uji huwa kama ugali na mtoto hutema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti nchini Tanzania walionyesha kwamba kijiko cha kimea huwezesha uji wenye unga mwingi kubaki mwepesi, mtoto akapata chakula zaidi katika bakuli lilelile. Waliotengeneza togwa kwa vizazi walikuwa na jibu tayari. Watafiti walieleza sababu yake.

Togwa ikiachwa usiku kucha huwa chachu. Bakteria wamegeuza sehemu ya sukari kuwa asidi laktiki, CH₃CH(OH)COOH. Itazame vizuri: ina haidroksili moja na kaboksili moja. Asidi hiyo huwazuia bakteria wengi wanaoharisha. Ukiongeza hamira ya kienyeji badala yake, sukari hugeuka ethanoli na kaboni dayoksaidi, nawe una pombe ya ulezi. Pombe ikibaki wazi siku kadhaa, bakteria wengine huongeza oksijeni juu ya ethanoli na kuifanya asidi ya ethanoiki. Hapo mnywaji hulalamika kwamba pombe imechacha mno, na mwanafunzi huandika: haidroksili imeoksidishwa kuwa kaboksili.

Sasa toka jikoni uende shambani baada ya mavuno. Bua la mindi limejaa selulosi, na selulosi nayo ni glukosi tupu. Kwa nini basi ng'ombe hula mabua akanenepa, nawe ukila hupati kitu? Katika wanga, madaraja yote huelekea upande mmoja na mnyororo hujikunja kama chemchemi ya kitanda. Katika selulosi, kila glukosi imepinduliwa kulinganisha na jirani yake, mnyororo hunyooka, na minyororo hulala sambamba ikishikana kwa vifungo vya hidrojeni kati ya –OH zake. Inakuwa kamba ngumu. Vimeng'enya vyetu vina umbo la kukata daraja la kwanza tu. Ng'ombe mwenyewe pia hana kimeng'enya cha selulosi, bali amewafuga vijidudu tumboni mwake wanaomfanyia kazi hiyo.

Wakulima wa kahawa wa Mbozi wana mfano wao. Kahawa mbivu ikimenywa, punje hubaki na ute unaoteleza. Ndani ya ute huo mna pektini, polima ya sukari zenye kundi la kaboksili. Punje huachwa katika tangi kwa muda wa siku moja au mbili, vimeng'enya vya vijidudu huikata pektini kwa haidrolisisi, na utelezi huoshwa kwa maji. Zikiachwa kupita kiasi, asidi na vijidudu huendelea na kazi na ladha huharibika. Mmenyuko ni uleule wa togwa, kwenye polima tofauti.

Lipidi

Asubuhi ya mwezi wa Juni au Julai huko Vwawa, mafuta ya mawese hukuta yameganda nusu chupa, ilhali mafuta ya alizeti yaliyo rafu ileile yanamiminika. Mafuta ya ng'ombe yaliyobaki kwenye sufuria ndiyo yamekuwa jiwe kabisa. Sababu iko katika kifungo kimoja.

Molekuli ya mafuta ina sehemu mbili. Gliseroli ina kaboni tatu na –OH tatu. Asidi za mafuta ni minyororo mirefu ya kaboni, mara nyingi 16 au 18, yenye –COOH mwishoni. Kaboksili ya asidi ikikutana na haidroksili ya gliseroli, maji hutoka na kifungo cha esta hubaki. –OH ni tatu, kwa hiyo asidi tatu hushikwa na molekuli tatu za maji hutoka. Makundi yote yanayopenda maji yamekwisha tumika, na kilichobaki ni mikia mirefu ya kaboni na hidrojeni kama ya dizeli. Ndiyo sababu mafuta hayachanganyiki na maji.

Mkia usio na kifungo maradufu umenyooka. Mikia iliyonyooka hupangana vizuri kama kuni zilizofungwa mzigo, hushikana na kuganda. Kifungo maradufu hupinda mkia. Asidi iliyo nyingi katika alizeti ina kaboni 18 na vifungo maradufu viwili, hivyo mikia imepinda na haipangiki. Mafuta hubaki kimiminika. Mawese yako katikati: karibu nusu ya mikia yake imenyooka. Lakini kifungo maradufu ni mahali ambapo oksijeni huweza kushambulia. Alizeti ikiwekwa juani au wazi kwa muda mrefu hutoa harufu mbaya. Oksijeni imevunja mikia pale penye vifungo hivyo na kutengeneza aldehaidi ndogondogo. Muuzaji anayepanga chupa zake juani kandokando ya barabara anaharibu mali yake mwenyewe.

Esta huweza kuvunjwa kwa soda ya kuchomea, yaani haidroksaidi ya sodiamu. Gliseroli hurudi, na kila asidi ya mafuta hupata sodiamu mahali pa hidrojeni: –COO⁻Na⁺. Hiyo ni sabuni. Kichwa chake chenye chaji hupenda maji na mkia wake hupenda mafuta. Katika utando wa seli umbo linalofanana na hilo hutokea, ila kichwa hapo ni fosfeti na mikia ni miwili.

Gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilojuli 37, na gramu moja ya kabohaidreti takriban 17. Usikariri tu. Kuungua ni kuongeza oksijeni. Kabohaidreti ina –OH karibu kila kaboni, yaani tayari imeoksidishwa kwa sehemu. Mikia ya mafuta haina, hivyo ina safari ndefu zaidi ya kuungua.

Protini, na kwa nini kande ni chakula cha akili

Asidi amino zote zinazojenga protini zina mpango mmoja. Katikati kuna kaboni. Mkono mmoja umeshika –NH₂, wa pili –COOH, wa tatu hidrojeni, na wa nne kundi linaloandikwa R. Ziko 20, na tofauti kati yao ni R tu. (Moja, prolini, imejifunga duara na naitrojeni yake, lakini kwa kiwango chako inatosha kujua ipo.) Kaboksili ya moja ikikutana na amino ya nyingine, maji hutoka na kifungo cha peptidi, –CO–NH–, hubaki. Utagundua kwamba huu ni mchezo uleule mara ya tatu: glaikosidi, esta, peptidi, kila kinapofungwa maji hutoka, na kila kinapovunjwa maji huingia.

Mwili wa binadamu huweza kutengeneza baadhi ya asidi amino, lakini tisa hauwezi kuzitosheleza. Hizo lazima ziliwe. Mojawapo ni laisini, ambayo R yake ni mnyororo wa kaboni nne unaoishia na –NH₂ ya pili. Nyingine ni methionini, ambayo R yake ina salfa.

Mahindi, ambayo ndiyo tegemeo la Songwe, yana laisini kidogo na triptofani kidogo. Seli inapojenga protini hufuata mpangilio uliowekwa, na haiwezi kuruka nafasi. Ni kama fundi mwenye tofali elfu moja na mfuko mmoja wa saruji: saruji ikiisha, ujenzi husimama, tofali zikiwa bado zimejaa uwanjani. Asidi amino zilizobaki haziwekwi akiba kama mafuta. Ini huziondolea kundi la amino, naitrojeni hutoka katika mkojo kama urea, na mifupa ya kaboni huchomwa kama kuni. Kwa hiyo mtoto aliyekula ugali au uji mtupu mara tatu kwa siku anaweza kushiba na bado akakosa vifaa vya kukua.

Udumavu katika Nyanda za Juu Kusini huwashangaza watu kwa sababu hii ni mikoa inayolisha nchi. Gunia zipo. Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwemo maradhi ya kuhara, malezi na kazi nyingi za mama wakati wa kilimo, na usiandike katika mtihani kwamba ni protini peke yake. Lakini sehemu ya jibu iko kwenye kundi moja la –NH₂ lililopungua ndani ya punje ya mahindi.

Maharage yana laisini ya kutosha, ila methionini yake ni ndogo. Mahindi yana methionini ya kutosha. Yakiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Takriban sehemu mbili za mahindi kwa moja ya maharage hufanya kazi vizuri. Chakula hicho kina jina: kande. Dagaa au maziwa yakiongezwa, ni bora zaidi.

Wanasayansi walijaribu pia njia ya mbegu. Mwaka 1964 Edwin Mertz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba aina fulani ya mahindi yenye badiliko la jeni ina laisini nyingi zaidi. Kutokana na kazi hiyo na uboreshaji uliofuata, yalipatikana mahindi ya protini bora, na hapa Tanzania zipo mbegu za aina hiyo zilizopewa jina la Lishe.

Asidi nyukilia, na sumu inayozishambulia

DNA ni mnyororo wa sukari na fosfeti zinazopishana, na kila sukari imeshika besi moja yenye naitrojeni. Besi ni nne. Makundi ya C=O na N–H yaliyo kwenye besi za uzi mmoja hushikana kwa vifungo vya hidrojeni na ya uzi wa pili: adenini kwa thaimini vifungo viwili, guanini kwa saitosini vitatu. Kwa kiwango hiki inatosha.

Kinachofaa kukaa nacho ni aflatoksini. Mahindi au karanga zikihifadhiwa zikiwa na unyevu, ukungu uitwao Aspergillus flavus huota na kutengeneza sumu hii. Molekuli ya aflatoksini B1 ina kifungo maradufu kimoja mwishoni. Ini, katika kujaribu kuiondoa, huongeza oksijeni juu ya kifungo hicho. Pembetatu inayotokea, kaboni mbili na oksijeni moja, imebanwa na iko tayari kujifungua juu ya chochote, nayo hushika guanini ndani ya DNA. Hapo seli husoma maagizo yake vibaya, na saratani ya ini huweza kuanza. Kupika hakuondoi sumu hii, kwa sababu joto la jikoni halitoshi kuivunja.

Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa ajili ya aflatoksini, kisha ikaruhusu kwa masharti ya upimaji. Mwezi Agosti 2024 nchini Zambia, ng'ambo ya Tunduma, mbwa wengi walikufa kwa chakula chenye sumu hiyohiyo. Mkulima anayeanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo, na kuyakausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 14 kabla ya kuyafunga kwenye gunia, anaunyima ukungu maji unaoyahitaji.

Majaribio ya chakula

Hapa ndipo alama hupotea bure katika karatasi ya vitendo ya Biolojia. Ukijua kila kitendanishi kinatafuta kundi gani, hutachanganya.

Ayodini kwa wanga: haitafuti kundi tendaji, bali umbo. Ayodini huingia ndani ya chemchemi ya mnyororo wa wanga na rangi hugeuka buluu iliyokolea hadi nyeusi. Ukichemsha, chemchemi hulegea na rangi hupotea, ikipoa hurudi.

Benedict kwa sukari rahisishi: kitendanishi kina ioni za shaba, Cu²⁺, zenye rangi ya buluu. Ukichemsha pamoja na sukari, kundi la aldehaidi huzipa elektroni, nazo hugeuka kuwa oksaidi ya shaba nyekundu ya matofali. Kijani na chungwa ni hatua za njiani, zikionyesha sukari ni kidogo. Fruktosi hutoa jibu pia ingawa ni ketoni, kwa kuwa katika mmumunyo wenye besi hujigeuza kuwa aldehaidi. Sukari ya mezani haitoi jibu: glukosi na fruktosi zimeshikana kwa kaboni zilezile ambazo zingetoa elektroni. Ichemshe kwanza na asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, izimue asidi kwa bikaboneti ya sodiamu mpaka povu liishe, ndipo uweke Benedict. Wanaosahau kuzimua asidi hukosa rangi na kuandika kwamba sukari haipo.

Biureti kwa protini: haidroksaidi ya sodiamu kwanza, kisha matone machache ya salfeti ya shaba. Ioni za shaba hushikwa na naitrojeni za vifungo vya peptidi na rangi huwa zambarau. Usichemshe. Asidi amino moja moja hazitoi rangi hii, maana hazina kifungo cha peptidi.

Sudan III kwa lipidi: rangi nyekundu isiyopenda maji, hivyo hukimbilia mafuta na kuonekana kama matone au pete nyekundu juu.

Swali la kujipima

Umepewa mimiminiko mitatu. P: haibadiliki kwa Benedict, hugeuka nyeusi kwa ayodini. Q: hutoa nyekundu ya matofali kwa Benedict, na kwa ayodini hubaki na rangi ya kahawia ya ayodini yenyewe. R: haibadiliki kwa ayodini wala Benedict, lakini hutoa zambarau kwa biureti. Unaambiwa kwamba Q ilitokana na P baada ya kuchanganywa na tone la R na kuachwa dakika 30 ikiwa vuguvugu. R ni nini, na ungethibitishaje?

Jibu: P ina wanga. Q ina sukari rahisishi na haina wanga. R ni protini iliyogeuza wanga kuwa sukari, yaani kimeng'enya, amilesi. Ili kuthibitisha, chemsha R dakika chache, iache ipoe, kisha uichanganye na P mpya kwa muda na joto lilelile. Ayodini ikibaki nyeusi na Benedict ikibaki buluu, kilichofanya kazi kilikuwa kimeng'enya kilichoharibiwa na joto. Weka pia bomba la tatu lenye P na maji matupu, ili kuonyesha kwamba wanga hauvunjiki wenyewe katika dakika hizo 30. Bomba hilo la tatu lina alama yake, na wengi hulisahau.